Usukani wa mashua ndogo umepinda tena: tuzungumze mbao, epoksi na haki ya pande mbili

Kana_Mkononi

Wadau, salamu kwenu.

Mezani kwangu hapa Kariobangi pana usukani wa mashua ndogo ya tanga, ya futi 14, inayokaa Naivasha. Mwenyewe aliuleta jana jioni umeviringishwa kwa blanketi. Shida yake aliieleza kwa maneno machache. Tanga likiwa upande wa kulia, kana, yaani mpini wa kuongozea usukani, inamvuta mkono mpaka bega linauma. Akigeuza, tanga likaja kushoto, kana inalegea kama vile haijashikana na kitu. Mashua ile ile, upepo ule ule.

Nikalaza rula ya chuma kwenye ubapa wa usukani, kutoka ukingo hadi ukingo, nikaviinua vyote viwili dirishani. Mwanga ulipita katikati. Nikapima pengo: milimita 5. Nilipougeuza upande wa pili, rula ilibembea kama mizani isiyo na mzigo. Maji yanayopita kwenye kitu cha namna hiyo yanakutana na bakuli upande mmoja na mgongo upande mwingine, hivyo usukani unasukuma mashua hata kana ikiwa katikati kabisa.

Ni ubao mmoja wa mvule, upana milimita 260, unene 25. Ni mbao nzuri, rangi imeiva, haina fundo hata moja. Aliponunua aliambiwa mvule haupindi, na ndiyo maana nimefungua uzi huu. Karibu kila mwezi naulizwa "mbao gani haipindi?" nami naona swali limeanzia mahali ambapo jibu haliwezi kupatikana. Hakuna mbao isiyocheza. Zote hunywa unyevu na kuutoa, zinatofautiana kiasi tu. Usukani unapinda kwa sababu upande mmoja umetendewa tofauti na mwenzake.

Nikageuza kichwa cha ubao nikatazama miviringo ya umri wa mti. Imelala kama bakuli, maana yake ubao ulipasuliwa kandokando ya gogo. Mbao husinyaa karibu mara mbili zaidi kufuata mviringo kuliko kutoka kitovuni kwenda gandani, na kufuata urefu ni kama haisinyai. Basi ubao wa namna hiyo ukikauka, uso uliokuwa upande wa ganda husinyaa kuliko uso wa upande wa kitovu, na kingo zinainuka.

Hesabu yake si ngumu. Chukua mbao ambayo jumla ya kusinyaa kwake kufuata mviringo, kutoka mbichi hadi kavu kabisa, ni asilimia 7.5. Kusinyaa huanza unyevu ukishuka chini ya asilimia 30 hivi. Gawanya, utapata robo ya asilimia kwa kila asilimia 1 ya unyevu. Ubao wa milimita 260 ukinunuliwa ukiwa na unyevu wa asilimia 18, kisha ukakaukia kwenye jua la Januari hapa Nairobi hadi asilimia 11, utapungua upana kwa karibu milimita 4 na nusu. Mbao haina pa kuzificha milimita hizo isipokuwa kujikunja au kupasuka.

Juu ya hayo, mwenye usukani alipaka vanishi upya mwaka jana, lakini upande mmoja tu, ule uliokuwa umechakaa. Halafu alikuwa akiuegemeza kwenye ukuta wa mabati unaopigwa na jua la alasiri. Upande mmoja umevaa koti na kulala kivulini, upande mwingine uchi na jua linauchoma. Hata ungekuwa mti wa peponi ungepinda.

Kuhusu mbao zenyewe, nasema ninavyoona baada ya miaka ya kukwaruza hizi kazi. Mkangazi ndio chaguo langu la kwanza: si mzito, umetulia, gundi inaushika vizuri na randa inapita bila kuchimba. Mninga umetulia hata kuliko huo, lakini bei yake inauma. Mvule ni imara na hauozi upesi, tatizo ni kupata kipande kilichokauka kweli. Mtiki una mafuta yanayoikataa gundi, kwa hiyo ufute kwa asetoni dakika chache kabla ya kugundisha, si jana yake. Saipresi inafaa kwa mashua nyepesi za watoto, bora utafute kipande kisicho na mafundo. Mkaratusi sitauweka kwenye usukani hata nikipewa bure. Nyuzi zake zimesokotana, na ubao unaosokotwa kutoka ndani hauna dawa.

Kukauka ndiko kunakowashinda wengi. Muuzaji atakugongea ubao kwa kifundo cha kidole akuambie "sikia, umekauka." Kama huna kipimo cha unyevu, kata kipande chembamba kutoka katikati ya ubao, si kwenye kichwa maana vichwa hukauka mapema. Kipime kwenye mizani ya jikoni, kiweke ndani ya ovena yenye nyuzi joto 103, na ukipime tena na tena hadi uzito usipungue. Toa uzito mkavu kwenye uzito wa mwanzo, gawanya kwa uzito mkavu. Mwezi uliopita kipande changu kilianza na gramu 132 kikaishia 110. Hiyo ni asilimia 20. Nilirudisha ubao. Nataka 10 hadi 12 kabla sijaugusa.

Nina mengi ya kusema kuhusu kuunganisha vipande na kuziba, lakini nisikie kwanza wenzangu mnafanyaje.

---

Mtoto_wa_Shela

Kaka, umesema vyema. Mimi ni mtu wa Lamu, nipo Nairobi kikazi, na nimekua nikiona usukani wa jahazi ukichongwa kwa tezo. Mbao ni mbambakofi au mvule, unene wa kiganja, zimeunganishwa na kupigiliwa vipande vya kukingama. Hakuna epoksi, ile gundi ya resini. Juu ya maji wanapaka sifa, yaani mafuta ya papa, na chini ya maji wanapaka chokaa na shahamu. Sukani zile zinadumu miaka na sikumbuki kuona uliojikunja kama bakuli.

Kwa nini wazee wetu hawakuhitaji hayo yote ya epoksi na kuziba?

---

Kana_Mkononi

Swali zuri sana ndugu yangu, na jibu lake ndilo linalotenganisha mashua za aina mbili.

Usukani wa jahazi unaishi majini. Ukishakunywa umekunywa, na unyevu wake haubadilikibadiliki. Maji peke yake hayaipindi mbao. Inapinda pale maji yanapoingia na kutoka kwa kasi tofauti pande zake mbili. Halafu unene wa kiganja na vile vipande vya kukingama vinaushikilia kwa nguvu.

Sasa tazama mashua zetu ndogo. Jumamosi na Jumapili usukani umo majini. Jumatatu hadi Ijumaa umening'inia ndani ya banda, au uko kwenye buti ya gari lililoegeshwa juani pale mjini. Kila wiki unaloweshwa na kukaushwa, na unene wake ni milimita 25 tu. Sifa na shahamu hazitoshi kwa maisha ya namna hiyo. Wazee walitengeneza kwa ajili ya kazi yao, na walijua wanachofanya.

Halafu kuna safari ya kutoka huku kwenda huko. Usukani uliotengenezwa Nairobi mwezi wa pili, hewa ikiwa kavu, ukashushwa Kilifi mwezi wa nne, unakutana na unyevu ambao haujawahi kuuonja. Kama haukuzibwa sawasawa, utaanza kuvimba hata kabla haujaguswa na maji.

---

Dada_wa_Gikomba

Mimi nauza mbao, nami nina langu la kuongeza. Wateja wanakuja wakitaka ubao mpana mmoja, "nisije nikaunganisha." Mnatuletea kazi ngumu maana ubao mpana hutoka kandokando ya gogo, na huo ndio unaojikunja. Mkija mtuambie mnataka mbao zenye miviringo iliyosimama wima kwenye kichwa cha ubao. Ni nyembamba lakini zimetulia. Tukijua mapema tunawatengea.

Na tafadhali msinunue mbao iliyonyeshewa jana mkaipeleka kwenye randa leo. Iacheni ipumue.

---

Kana_Mkononi

Asante dada, umenirahisishia kazi. Hapo ndipo nilipotaka kufika.

Usukani wa upana wa milimita 250 nautengeneza kwa vipande 5 au 6 vya upana wa 40 hadi 50. Nikipata mbao zenye miviringo iliyosimama, vizuri. Nisipopata, nachukua ubao wa kawaida naupasua vipande, kisha kila cha pili nakigeuza juu chini, ili bakuli la kimoja litazame juu na la jirani yake litazame chini. Kila kipande kitacheza kidogo kwa upande wake lakini hakuna kukubaliana, kwa hiyo usukani wote unabaki tambarare. Nakagua pia mwelekeo wa nyuzi kwenye kingo, maana ukigeuza ovyo randa itakuja kung'oa vipande wakati wa kuchonga.

Gundi ni epoksi. Gundi nyeupe ya makabati usiiweke kabisa kwenye kitu kitakachokaa majini. Inalainika, na hata ikiwa kavu inateleza polepole chini ya mzigo. Msibane klampu kwa hasira. Epoksi ikikamuliwa yote nje, kiungo kinabaki na njaa. Bana mpaka uone shanga ndogo za gundi zikitoka kwenye mstari wote, kisha acha.

Jambo moja la hapa kwetu Nairobi: Julai. Usiku joto linaweza kushuka hadi nyuzi 10 hivi, na epoksi inalala. Asubuhi unakuta bado inanata, unadhani umekosea vipimo. Na kukiwa na baridi pamoja na unyevu, juu ya epoksi hutokea utando wa mafuta-mafuta, kama mkono uliopakwa nta. Ukipiga msasa juu yake unausukuma ndani na koti linalofuata halishiki. Utando huo unatoka kwa maji na sifongo ya kusugulia. Osha kwanza, kausha, ndipo msasa. Nilipoteza usukani mzima kwa kutojua hilo, rangi ilibanduka vipande vipande kama ganda la yai.

---

Fundi_Matangi

Boss, mimi natengeneza matangi na mabeseni ya faibaglasi Industrial Area. Mbona mnahangaika na mbao? Chukua boksi jeupe la povu, lile la kubebea samaki, chonga umbo, paka resini na nyuzi, umemaliza. Hakuna kupinda.

---

Kana_Mkononi

Fundi, usukani wa povu lililovikwa nyuzi ni kitu kizuri, mashua nyingi za mashindano zinao. Lakini kuwa mwangalifu na njia hiyo. Resini ya matangi ni poliesta, na poliesta inalila povu la boksi la samaki. Unaimimina, unageuka kuchukua brashi, unakuta shimo. Kwa povu hilo tumia epoksi. Kama lazima iwe poliesta, tafuta povu la PVC la mashuani.

Na kupinda bado kupo. Poliesta husinyaa inapokauka, kiasi cha asilimia 7 kwa ujazo. Ukivika upande mmoja leo kwa tabaka 3, na upande wa pili wiki ijayo kwa tabaka 2, ule wenye tabaka 3 utavuta. Nimewahi kuona usukani wa faibaglasi tupu, bila mbao hata chembe, umejikunja kwa sababu hiyo hiyo. Tabaka ziwe sawa pande zote mbili, uzito wa kitambaa uwe sawa, na pande zote zivikwe ndani ya siku moja ikiwezekana.

Halafu pale bolti zinapopita weka kipande cha mbao ngumu ndani ya povu. Ukibana bolti juu ya povu tupu, linabonyea, bawaba zinacheza, maji yanaingia.

---

Mzee_wa_Dam

Vijana, nimesoma uzi huu kwa furaha. Mimi nilijifunza tanga pale Nairobi Dam, bwawa lililojengwa 1953, wakati ule maji yakiwa wazi kutoka ukingo mpaka ukingo. Watu wanaopita Lang'ata leo wakiona lile zulia la kijani hawaamini kuwa palikuwa na mashua zikishindana kila wikendi. Mashua zetu zilikuwa za plaiwudi, zile zilizobuniwa Uingereza na Jack Holt, Enterprise na baadaye Mirror. Sukani zake pia zilikuwa za plaiwudi na hazikutusumbua sana kwa kupinda. Zilitusumbua kwa kuoza pembeni. Kijana, hujaizungumzia plaiwudi.

---

Kana_Mkononi

Shikamoo mzee. Nimeguswa na habari za bwawa. Baba yangu alikuwa akitupeleka pale Jumapili kutazama matanga.

Plaiwudi naiheshimu. Tabaka zake zimelazwa kukingamana, kila moja inamzuia jirani yake kucheza, na hiyo ndiyo sababu yenu ya kutosumbuliwa na kupinda. Kasoro zake ni mbili. Ya kwanza umeitaja mwenyewe, kingo. Kwenye ukingo wa plaiwudi kila tabaka ya pili inaonyesha vichwa vya nyuzi, na kichwa cha nyuzi hunywa maji kama mrija. Ya pili ni kwamba karibu nusu ya tabaka zimelala kukingama urefu wa usukani, kwa hiyo hazisaidii sana pale usukani unapobeba nguvu ya maji. Ndiyo maana plaiwudi inahitaji unene zaidi, au ivikwe nyuzi, ili iwe ngumu kama mkangazi wa unene ule ule.

Ina zawadi moja ninayoipenda sana. Ukianza kuchonga umbo, mistari ya gundi inajitokeza kama mistari ya mwinuko kwenye ramani ya milima. Ikiwa imelingana kushoto na kulia, umbo limelingana. Huhitaji kifaa kingine.

Lakini plaiwudi yenyewe iwe ya kweli. Kuna muhuri wa BS 1088 unaopigwa kwenye plaiwudi za mashua, na kuna mihuri inayopigwa uchochoroni. Kata kipande cha kiganja, kichemshe saa kadhaa, kikaushe, kichemshe tena. Kikifunguka kama kitabu, rudisha. Tazama pia ukingo kwa makini, matundu kati ya tabaka ni vyumba vya maji.

---

Bolti_na_Nati

Na alumini je? Kamukunji wanakata bamba lolote unalotaka. Halinywi maji, halijui Julai wala Januari.

---

Kana_Mkononi

Kwa mashua ya kujifunzia, alumini inafaa. Maji hayaipindi, mawe ndiyo yanayoipinda, na ikishapinda haijinyooshi. Bamba tambarare pia linapoteza mshiko mapema. Ukikata kona kwa nguvu, maji yanaachana nalo na mashua inaendelea kwenda ilikokuwa ikienda. Umbo lenye tumbo linashika zaidi. Natumia kipimo cha asilimia 12: upana wa 250, unene wa 30 pale panapozidi, na pale pawe kwenye asilimia 30 ya upana kutoka ukingo wa mbele. Ukingo wa nyuma usiufanye wembe. Acha milimita 2 au 3, ukate mraba safi. Ukiuviringa, usukani unaweza kuanza kuimba mashua ikiwa na kasi.

Baharini kuna suala jingine. Bolti za stenlesi zikigusana na alumini ndani ya maji ya chumvi, alumini inaliwa. Weka washa za nailoni na vibomba vya plastiki ndani ya matundu. Naivasha ni maji yasiyo ya chumvi, kasi ya kuliwa ni ndogo.

Kuna aliyeniuliza faraghani kuhusu mbao za plastiki iliyorejelewa, kwa sababu ya lile jahazi la plastiki hiyo lililotengenezwa Lamu likazinduliwa 2018. Kazi ile ni ya kujivunia. Kwa usukani mwembamba lakini, plastiki hiyo inanyumbuka mno na gundi haiishiki. Jahazi lina mbavu nene za kuibeba, usukani wa milimita 25 hauna.

---

Dada_wa_Gikomba

Na huyo mwenye usukani wa mvule uliopinda? Ndio umekwisha?

---

Kana_Mkononi

Haujaisha. Kuna njia ya haraka na njia ya kweli.

Ya haraka: kwangua vanishi yote, laza usukani kwenye nyasi mbichi zenye umande, upande wa bakuli ukitazama chini na mgongo ukipigwa na jua. Bakuli linakunywa na kutanuka, mgongo unakauka na kusinyaa. Asubuhi moja inaweza kuunyoosha. Lakini simama hapo hapo, angalia kila nusu saa, usije ukapinda upande wa pili. Na ukiishia hapo bila kuuziba, utarudi ulivyokuwa kabla ya mwezi kuisha.

Ya kweli ndiyo niliyomfanyia leo. Nimeupasua kwa msumeno vipande 6, nikagundua kimoja kina nyuzi zilizosokotwa, nikakitupa. Kabla hujafanya hivi kagua msokoto. Weka rula mbili zilizonyooka, moja kwenye mwisho wa juu wa usukani na moja kwenye mwisho wa chini, uchungulie kwa jicho moja kama kingo za rula zinalala sambamba. Bakuli linarekebishika kwa kupasua na kugeuza. Msokoto unaofuata urefu wa nyuzi haurekebishiki. Nimegeuza vipande kimoja kimoja, nimeongeza kipande cha mkangazi mahali pa kile kilichotupwa, na sasa vimebanwa.

Kesho kutwa nachonga. Hapa pia pana mtego. Usimalize upande mmoja ndipo ugeuze. Mbao ina mivutano ndani yake, ukiondoa milimita 4 upande mmoja tu, ile iliyobaki inavuta. Ondoa kidogo huku, geuza, ondoa kidogo kule.

---

Mtoto_wa_Shela

Na matundu ya rumada? Hapo ndipo naona nyingi zinaoza.

---

Kana_Mkononi

Umegusa kidonda changu. Miaka michache iliyopita nilitengeneza usukani wangu mwenyewe wa mkangazi, vipande 5, epoksi makoti matatu pande zote, kingo zote, vichwa vyote. Ulikaa misimu miwili umenyooka. Siku moja nikahamisha bawaba, zile mnazoziita rumada, sentimita 2 juu. Nikachukua keekee, nikatoboa matundu manne mapya, nikapitisha bolti, nikaenda majini. Matundu manne ya milimita 6, basi. Baada ya mvua za Aprili ubapa ule ulikuwa umevimba kuzunguka bolti, epoksi ikapasuka mistari kama nyufa za kikombe, na usukani ukaanza kujikunja kutoka hapo. Nilipoukata niliona doa jeusi limepanda kufuata nyuzi urefu wa kiganja juu ya tundu.

Tangu hapo sitobowi tundu la bolti moja kwa moja kwenye mbao. Kwa bolti ya milimita 6 natoboa tundu la 12. Naziba chini kwa utepe, najaza epoksi iliyokorogwa na unga wa kukazia hadi iwe nzito kama siagi ya karanga, naiacha siku mbili. Kisha natoboa 6 katikati yake. Bolti inapita ndani ya epoksi tupu, haionani na mbao kabisa. Tundu la kamba ya kuinulia usukani, la pini ya kana, la skrubu ndogo ya kibandiko, yote vivyo hivyo.

Kuhusu kuvika: kitambaa cha faibaglasi cha gramu 200 kwa mita ya mraba, tabaka moja kila upande, kikipishana kwenye ukingo wa mbele kwa sababu hapo ndipo mawe na mizizi hugonga. Naivasha pia kuna magugu maji, shina lake likijikunja kwenye usukani linakwaruza kuliko unavyodhani. Juu ya kitambaa makoti matatu ya epoksi, kisha rangi, maana epoksi tupu inaharibiwa na jua. Rangi iwe nyeupe. Najua nyeusi inapendeza, lakini epoksi nyingi zinazokaukia hewani huanza kulainika kwenye nyuzi 50 au 60 hivi, na kitu cheusi kilicholala juani juu ya trela kinafika huko bila shida. Kikilainika kikiwa kimeegemea kitu, kitapoa na umbo la kuegemea.

Wakati wa kuhifadhi ning'iniza wima kwa tundu la juu, hewa ipite pande zote. Usilaze kwenye sakafu ya saruji, usiegemeze ukutani, wala usiufunge na mfuko wa nailoni ukiwa bado na maji.

---

Mzee_wa_Dam

Makoti matatu kila upande, umeyahesabu vipi ili yawe sawa? Sisi tulikuwa tunapaka mpaka tukachoka.

---

Kana_Mkononi

Kwa mizani mzee. Nachanganya epoksi kwa uzito, kikombe kimoja kwa upande mmoja, kikombe cha uzito ule ule kwa upande wa pili. Kikibaki kiasi kwenye kikombe cha kwanza nakipima, nabakisha hivyo hivyo kwenye cha pili.

Usukani wa mvule utarudi Naivasha wiki ijayo, mwenyewe amekubali nikaupime tena mara mbili, mwisho wa Februari na katikati ya Mei, mahali pale pale nilipoweka alama ndogo za penseli chini ya rangi. Nitakuja hapa niwape milimita zake. Jumamosi nitakuwa ufukweni kuanzia saa tatu asubuhi na rula yangu ya chuma. Mwenye usukani anaoutilia shaka aje nao, ukiwa mkavu na umefunguliwa bawaba.